Tahadhari ya sumukuvu kwa aliyenunua vifaranga wa bata: kagua gunia la chakula leo

Kama umenunua vifaranga wa bata wiki hii, au mtoto ameletewa wawili watatu ndani ya boksi la viatu, acha kwanza unachokifanya uende ulikoweka chakula chao. Usichote juu. Ingiza mkono hadi chini ya gunia, pale palipogusa sakafu, utoe konzi moja uitazame juani. Ukiona punje zenye madoa ya kijani au kijivu, madonge yaliyoshikana, vumbi linalokereketa koo, au ukisikia harufu ya nguo zilizoanikwa ndani wiki nzima, gunia hilo lisiwafikie tena. Usiwachanganyie na chakula kizuri ili lisipotee bure. Kifaranga wa bata hahimili sumu ya ukungu, na wengi wanaomnunua kwa mara ya kwanza hawajaambiwa na mtu yeyote.

Naandika kwa haraka kwa sababu masika yameanza na muuzaji wa vifaranga amepita mtaani kwetu Jumamosi. Huku Morogoro huu ndio wakati ambao mahindi ya msimu uliopita yamekaa stoo miezi mingi. Mapaa yanavuja, sakafu zinapandisha unyevu, na gunia lililoharibika linapewa jina jipya: mahindi ya mifugo. Bei inashuka, mnunuzi anashukuru. Mvua hizohizo ndizo zinazowatia watu hamu ya bata, maana madimbwi yamejaa na kila mtu anawaona wakifurahia maji. Vifaranga wachanga na mahindi mabovu vinafika nyumbani katika juma moja.

Mwaka jana, msimu kama huu, nilinunua vifaranga 16 kutoka kwenye tenga la muuzaji wa mtaani. Nilikuwa nimefuga kuku wa kienyeji miaka tisa, nikaamini najua kulea. Niliwawekea taa, nikawapa maji, nikawaparazia mahindi ya gunia lilelile walilokuwa wakila kuku wangu. Kuku walikuwa wazima na walikuwa wakitaga. Kwa siku nne vifaranga walikula vizuri. Siku ya tano wawili walisimama pembeni, mabawa yamelegea, hawataki chakula. Siku ya sita niliona miguu yao, iliyokuwa ya njano kama embe dodo lililoiva, inageuka zambarau. Wakaanza kuyumba. Walianguka wakipiga miguu hewani, shingo ikapinda kuelekea mgongoni, wakafa katika hali hiyo. Kufikia siku ya tisa walikuwa wamebaki watatu.

Afisa mifugo wa kata alikuja na pikipiki, amelowa. Alimpasua mmoja juu ya mfuko mtupu akanionyesha ini: limevimba na kupauka, rangi yake kama udongo wa mfinyanzi.

“Mama, hawa unawalisha nini?”

Nikampeleka stoo. Aliingiza mkono chini ya gunia, akautoa, akaninyooshea kiganja bila kusema neno. Kilikuwa na vumbi la kijani.

“Lakini bwana mifugo, kuku wanakula hilihili.”

“Kuku ni kuku, mama. Hawa ni bata.”

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu humo ndimo lilimo kosa letu sisi tunaotoka kwenye kuku kwenda kwenye bata. Tunamfanya kuku mzima awe shahidi wa chakula, wakati ushahidi wake hauwahusu bata hata kidogo. Sumukuvu ninayoizungumzia, ambayo wataalamu huiita aflatoksini, hutengenezwa hasa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Kuvu huyo hupenda mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Uzito kwa uzito, kiasi kinachomuua kifaranga wa kuku ni zaidi ya mara kumi ya kile kinachomuua kifaranga wa bata. Na kifaranga wa bata anapoanguliwa ana gramu 50 hivi tu. Kinachotosha kumwangamiza huwezi kukiona kwa macho.

Hata dunia iliijua sumu hii kupitia ndege wa kufugwa. Mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, na vifaranga wa bata nao wakafa. Uchunguzi uliishia kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil, yaliyokuwa na kuvu. Tangu hapo wataalamu walipotaka kujua kama shehena fulani ina sumu, walikuwa wakimchukua kifaranga wa bata wa siku moja, wakamlisha kile walichokishuku, kisha wakalitazama ini lake. Walimchagua kwa sababu yeye hudhurika upesi. Basi ukiweka boksi la vifaranga hao uani kwako, umeweka kipimo cha maabara bila kujua, na kipimo hicho kinaonyesha majibu kwa kufa.

Ndiyo maana sitaki msomaji adhani hili ni jambo la bata peke yao. Gunia langu lilikuwa na ndugu zake pale dukani nilikolinunua, na sina shaka baadhi yake yalikwenda mashineni kusagwa unga wa watu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao walifariki. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, waliougua walikuwa 317 na waliofariki 125. Waliuawa na mahindi, chakula chao cha kila siku. Vifaranga wako wakifa kwa namna niliyoieleza, kabla hujawaza hasara ya fedha, nenda kaangalie pipa la unga jikoni na uulize mahindi yake yalitoka wapi.

Kuna mambo watu huyafanya wakidhani wameponya gunia. Wanachemsha mahindi wawape vifaranga uji. Wanakaanga. Wanayaanika juani siku mbili mpaka harufu iishe. Jua hukausha na kumzuia kuvu asiendelee, lakini sumu aliyokwisha kuiacha haitoki kwa jua, na haitoki kwa moto wa jikoni. Wengine hukoboa mahindi, wakala sembe wenyewe, wakawapa mifugo pumba. Hapo wanakosea zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, na vyote viwili vinaishia kwenye pumba. Pumba za mahindi zilizokaa mashineni, zenye joto na unyevunyevu, ni kitu cha mwisho ambacho ningempa kifaranga wa bata. Mashudu ya karanga ni hivyohivyo, labda uwe unajua yalikamuliwa lini na yalihifadhiwaje.

Kabla ya kununua mahindi ya kuwaparazia baadaye, kuna kipimo rahisi ambacho wakulima wengi wanakijua. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia konzi ya mahindi na vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu na yataota kuvu ukiyafungia guniani. Kipimo hiki hakioni sumu iliyokwisha kuingia. Kinakuonya tu kuhusu itakayokuja.

Wape nini basi? Chakula cha vifaranga wa kuku kutoka duka la mifugo linalouza haraka, mfuko uliofungwa, wenye tarehe. Nunua cha wiki mbili tu. Kiweke juu ya chaga, mbali na ukuta, na usikimiminie juu ya mabaki ya mfuko wa zamani. Usiwape chakula cha kuku wa mayai, kwa kuwa kina chokaa nyingi ambayo figo za kifaranga haziwezi kuibeba. Mkate unawajaza tumbo bila kuwajenga. Maharage mabichi makavu na parachichi ni hatari kwao, waondolee kabisa.

Chakula cha kuku kina upungufu mmoja kwa bata, nao huonekana miguuni. Kifaranga wa bata anahitaji vitamini iitwayo niasini karibu mara mbili ya kifaranga wa kuku. Akiikosa, magoti yanavimba, miguu inapinda, anakaa chini muda mrefu, na akisimama anatembea kama mzee. Watu humwona wakadhani amekanyagwa. Dalili hii haifanani na ile ya sumukuvu: huja polepole, miguu haigeuki zambarau, na ukiwahi anapona. Nenda duka la dawa za mifugo uombe vitamini za jamii ya B za kuchanganya kwenye maji, hakikisha niasini imeandikwa kwenye pakiti, na ufuate kipimo kilichoandikwa hapo. Ongeza dagaa waliosagwa wasio na chumvi na pumba laini za mpunga zilizotoka kukobolewa, zikiwa mpya kabisa. Mchicha uliokatwakatwa wataugombania.

Sasa maji, ambayo yanawaua vifaranga wengi kuliko watu wanavyodhani, na yanaurudisha ukungu kwa mlango wa nyuma. Bata hali bila maji. Anachota chakula, anakimbilia maji, anasafisha mdomo, anarudi. Chakula kikiwepo na maji hayapo anaweza kupaliwa akafa, kwa hiyo usiku ukiondoa maji ondoa na chakula. Chombo kiwe na kina cha kumtosha kuzamisha mdomo mpaka matundu ya pua, kwa sababu humo ndimo anamosafishia pua, lakini kisiwe kipana kiasi cha kumruhusu kuingia mwili mzima. Kibakuli kilichojazwa kokoto safi kinafaa. Tatizo ni kwamba anaporudi kutoka majini anadondosha matone kwenye chakula. Kwa joto letu chakula kilicholowa asubuhi kinachacha, na kikiachwa kinaota kuvu hapohapo kwenye sahani, hata kama gunia lako ni safi kama la duka. Wape kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, na kila mara mwaga kilichobaki na uoshe sahani. Ukishindwa yote niliyoandika, shika hili pamoja na lile la gunia.

Usiwatie kwenye beseni waogelee. Najua inavutia, na watoto watakuomba. Kifaranga anayetembea na mama yake hupakwa mafuta kutoka kwenye manyoya ya mama anapolala chini yake, na mafuta hayo ndiyo yanayofanya maji yamteleze. Aliyetoka kwenye mashine ya kuangulia au tengani hana mafuta hayo. Malaika yake hunywa maji kama pamba, anazizima, anachoka, anazama kwenye maji yasiyofika kifundo cha mguu wa mtoto. Hatari ni hiyohiyo kwa walioanguliwa na kuku. Wengi wetu tunamwatamisha kuku mayai ya bata, na si vibaya, ilimradi ukumbuke kwamba kuku amezoea siku 21, bata mweupe wa kizungu anahitaji 28, na bata wetu wa kienyeji mwenye nyama nyekundu usoni anahitaji 35. Kuku akichoka kabla ya wakati mayai yanaharibika. Akivumilia mpaka mwisho, watoto wataingia dimbwini yeye akibaki ukingoni analia, na hana namna ya kuwaokoa wala mafuta ya kuwatosha. Wasubirishe mpaka wameota manyoya halisi, wiki ya tano na kuendelea.

Joto linahitajika wiki ya kwanza, nyuzi 32 hivi, kisha punguza nyuzi tatu kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame. Wakirundikana na kulia wana baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi wamezidiwa na joto, wakitawanyika na kulala hovyo wako sawa. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya mvua lisiwashwe kamwe. Hewa yake inaua vifaranga, na inaua watu waliolala chumba cha pili.

Sakafuni usitandike magazeti wala kuwaacha kwenye vigae. Wanateleza, miguu inapanuka kushoto na kulia, na haijirudi. Tandika gunia safi la katani au maranda makavu. Narudia, makavu. Maranda yaliyolowa huota kuvu ndani ya siku mbili, na kuvu wa maranda haendi kwenye ini, anaingia mapafuni. Utaona kifaranga anahema mdomo wazi huku shingo imenyooka, hatoi sauti, na dawa hana. Kila asubuhi ondoa palipolowa, hasa pembeni mwa chombo cha maji.

Mengine nayasema kwa kifupi. Dawa za kuku usiwape kwa kukisia kipimo, muulize daktari wa mifugo. Bata anaweza kubeba virusi vya mdondo bila kuonyesha dalili na kuwaambukiza kuku, kwa hiyo wageni wakae peke yao wiki mbili, na kuku wako wawe wamechanjwa. Juu weka wavu, maana kunguru na mwewe wanawaona kabla yako, na usiku panya na nguchiro hufuata harufu. Madimbwi yenye mizoga na funza yafukie: bata akila funza wa mzoga anaweza kulegea shingo na kufa kwa sumu ya aina nyingine. Na watoto wakiwashika wanawe mikono kwa sabuni, wasiwabusu, wasile wakiwa nao mapajani. Kifaranga mzima kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela, na wanaoumia zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Ukiwa umekwisha kuchelewa na mmoja ameanza kuyumba, ondoa chakula chote dakika hiyohiyo. Usisubiri majibu ya mtu. Wape maji safi, uwaletee chakula kipya kutoka mfuko mwingine kabisa, na uoshe vyombo vyote kwa sabuni. Aliyekufa usimtupe jalalani na usimpe mbwa. Kufa kwa shingo kupinda nyuma si dalili ya sumukuvu pekee. Kuna ugonjwa wa virusi unaoshambulia ini la vifaranga wa bata na kuwaua kwa namna inayofanana, nao unaambukiza. Kwa hiyo usikisie. Mfunge mzoga kwenye mifuko miwili, uweke kwenye chombo chenye barafu, umpelekee afisa mifugo wa kata pamoja na konzi mbili za chakula kutoka chini ya gunia. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una maabara Temeke, Dar es Salaam, na vituo vya kanda mikoani, na afisa mifugo anajua njia ya kufikisha sampuli. Gunia bovu lifukie shimo refu ambako kuku hawatachakura. Kuliuza au kumgawia jirani mwenye nguruwe ni kuhamisha kifo kutoka ua wako kwenda wa mwenzako.

Wale watatu wangu waliopona walidumaa, na mmoja wao hajawahi kutaga.

Muuzaji wa Jumamosi aliuza kwenye nyumba saba za mtaa wetu. Nimepita nne. Katika mbili nilikuta mahindi ya mifugo, na katika moja vifaranga wawili walikuwa tayari wamesimama pembeni. Nyumba tatu sikuwakuta wenyewe, nitarudi jioni. Kama mtaani kwako muuzaji amepita, nawe anza kupita leo.